Dirisha la Nyuma ya Goli

Shomari alifariki Jumanne alfajiri, na alasiri ya siku hiyo hiyo akazikwa kwao Mlingotini. Miguu yangu siku hizi hainifikishi mbali, lakini msiba wa Shomari haukuwa wa kupelekea salamu, kwa hiyo wajukuu wakanipakia kwenye bajaji, nikaenda nikakaa ndani na wanawake wenzangu. Siku ya hitima akaja kijana mmoja wa klabu ya Chuchunge, fulana ya timu ameivaa chini ya kanzu, akachutama mbele yangu akaniamkia. Mkononi alikuwa na daftari. Akasema, "Bibi, tunaandika historia ya klabu, na wazee waliocheza zamani wamekwisha wote. Marehemu ndiye alikuwa wa mwisho. Tumeambiwa wewe uliishi kwenye nyumba ya klabu." Nikamwambia kwanza anisomee alichokwisha andika. Akasoma vizuri, kwa adabu, mpaka akafika pale palipoandikwa kwamba Chuchunge ilitwaa kikombe kwa kuifunga Mlingotini mabao mawili kwa moja. Nikamwambia aweke kalamu chini. Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, maana habari ile waliijua kwa upande wao. Sikumweleza siku ile. Msibani si mahali pake. Nimeona niieleze hapa, na niieleze yote, hata sehemu inayonihusu mimi ambayo si ya kujisifia.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na habari za uhuru zilikuwa bado za kunong'onezana. Nilitoka Mlingotini nikaolewa Bagamoyo mjini, mwendo usiozidi asubuhi moja kwa miguu, lakini watu wa mjini walivyonitazama ungedhani nimetoka ng'ambo. Mume wangu, Salehe, alikuwa karani mwenye maneno machache na mwandiko mzuri, na kwa sababu ya mwandiko huo alikuwa katibu wa klabu. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja. Juu tulikaa mimi, Salehe na mama yake, Bi Tatu. Chini palikuwa klabu. Chumba kikubwa cha chini kilikuwa na mabenchi mawili, meza, na kamba iliyotundikwa fulana za timu, na kilinuka ngozi na mafuta ya nazi, kwa kuwa mipira ya siku zile ilikuwa ya ngozi, imefungwa kwa kamba kama kiatu, na isipopakwa mafuta hukakamaa. Sakafu yetu ilikuwa boriti za mikoko na chokaa, na chokaa ilikuwa na nyufa. Kila neno lililosemwa chini lilipanda juu pamoja na moshi wa sigara zao. Nilipika, nilishona, nilichambua mchele, na huku nikisikia mikutano yote ya Chuchunge, nitake nisitake. Wao hawakulijua hilo. Au walilijua, wakaona sikio la mwanamke si kitu.

Klabu yenyewe haikuwa kubwa wala maarufu. Timu za Dar es Salaam zilipotaka mchezo wa maana hazikuja kwetu. Zilikuja zilipotaka kula samaki na kupunga upepo, zikatufunga, zikaondoka. Ilianzishwa na watu wa beni, wale waliokuwa wakitembeza ngoma zao mitaani kwa sare na baragumu, ambao siku moja walichoka kushindana kwa nguo na vyakula, wakasema washindane kwa mpira. Nahodha wao wa kwanza alikuwa baba yake Salehe. Alikuwa na kidevu kirefu kilichotangulia uso, na watoto wa mjini wakamwita Chuchunge, yule samaki mwembamba mwenye taya ya chini kama sindano. Hakukasirika; alisema jina zuri kama hilo lisipotee, akaipa timu. Mimi sikumkuta, alikuwa ameshakufa. Lakini Bi Tatu alikuwa akimtaja kila siku, na kila alipomtaja alisema jambo lile lile: "Alikufa hajashika kikombe, mwanangu. Miaka yote ile, hata kimoja."

Kitu kizuri cha Chuchunge kilikuwa Dagaa. Hilo ndilo jina la kundi la vijana wadogo waliofundishwa mpira na Fundi Kassimu, mshona nguo wa jirani, mtu mfupi mwenye makalio mazito ambaye ukimtazama usingedhani aliwahi kukimbia. Klabu nyingine zilisubiri mtu akue ndipo zimwite. Fundi Kassimu alikwenda kuwatafuta wangali watoto, mitaani na vijijini, akawaambia wazazi, "Nipeni huyu, asubuhi atasoma Kurani chuoni, alasiri atacheza kwangu, na akikosa adabu nitamrudisha kabla mpira haujamrudisha." Aliwafundisha kupiga pasi bila kutazama, na aliwakataza kabisa kuchenga watu zaidi ya wawili. "Dagaa mmoja hata paka hamtaki," alikuwa akiwaambia. "Dagaa wakiwa kundi, papa hugeuza njia." Wanne kati yao walitoka Mlingotini, na kwa kuwa hawakuweza kwenda na kurudi kila siku, walilala kwenye chumba kidogo cha chini, kwenye mikeka, na kula kwetu. Shomari alikuwa mmoja wao, mwenye miaka kumi na minne, kipa wao, mikono mirefu, maneno mengi. Waliniita dada, kwa kuwa tulitoka pamoja. Wao ndio walionipunguzia ugeni. Asubuhi nikiwapa uji wa pilipili manga na muhogo wa jana, wakianza kuzungumza kwa lafudhi ya kwetu, moyo wangu ulikaa sawa. Mchana ulikuwa wali na samaki, kila siku samaki, kwa sababu wavuvi wa Mlingotini walikuwa wakileta mjini changu na tasi na kolekole, na kwetu walileta mlangoni kabisa, kwa ajili ya watoto wao. Bi Tatu alikuwa akinung'unika kwamba vijana wanne wanakula kama msafara, kisha anawaongezea yeye mwenyewe.

Nimesema kwamba nyumba ilikuwa ya ghorofa. Upande wa nyuma ilitazama kiwanja. Dirisha la chumba cha Bi Tatu lilikuwa nyuma ya goli moja, juu kidogo, umbali wa hatua thelathini hivi, na nguzo za goli lile zilikuwa mbele ya macho yetu kama mlango wa jirani. Nguzo tu na mwamba wa juu, nyavu hazikuwapo. Wanawake wa nyumba zetu hatukuwa tukienda kusimama kiwanjani na wanaume, lakini siku za mchezo Bi Tatu alisogeza kitanda chake, akafungua ubao mmoja wa dirisha, tukakaa wawili, na sahani ya bisi au karanga katikati. Aliujua mpira kuliko wanaume wengi. Alikuwa akisema "nje" au "imo" kabla refa hajapuliza filimbi, na sikumbuki akikosea.

Mwaka ule tajiri mmoja wa mjini alitoa kikombe kishindaniwe na timu za pwani ya kwetu, na Chuchunge ikafika fainali. Na waliofika nayo wakawa watu wa Mlingotini. Wiki nzima Salehe hakula vizuri. Usiku wa kuamkia mchezo alinitania, jambo ambalo hakulizoea, "Kesho utakuwa upande gani, Mwanahamisi?" Nikamjibu kwamba nitakuwa upande wa dirisha. Akacheka. Siku ya mchezo watu walijaa mpaka kwenye kuta. Mlingotini walikuja na wanawake wao na vigelegele. Kila upande ukapata bao moja, na jua likawa limeshuka sana, limemkabili refa, ambaye alikuwa mgeni na amechoka. Ndipo Hemedi akapata mpira. Hemedi alikuwa mpagazi wa forodhani, mtu mwenye nguvu na mpole, senta fowadi wetu, mwana wa Chuchunge kabisa. Aliupiga kwa nguvu zake zote. Faki, kipa wa Mlingotini, akaruka asiupate. Na mimi, kwa macho yangu haya, niliuona mpira ule ukipita nje ya nguzo ya upande wa mnazi, nje kwa kiasi cha kiganja, ukaja kupiga ukuta wetu chini ya dirisha. Bi Tatu akasema, "Nje."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chai imechemka. Kisha ukatokea ukelele ambao sijapata kuusikia tena, refa akapuliza filimbi akanyoosha mkono katikati ya uwanja, na watu wa mjini wakaingia kiwanjani kumbeba Hemedi. Nikamtazama Bi Tatu. Yeye alikuwa akimtazama mwanawe. Salehe, yule mtu wa maneno machache, alikuwa amevua kofia na anairusha juu, anaruka kama mtoto, na machozi yanamtoka. Bi Tatu akavuta ubao wa dirisha, akaufunga. Akasema, "Twende tukapike, watakuja watu wengi." Na huko nje Faki alikuwa amekaa chini penye nguzo, ameshika alama ya mpira kwenye mchanga kwa mikono miwili, anapiga kelele watu waje watazame. Hakuna aliyekuja kutazama. Walikuja kumwondoa, yeye hakutaka, vijana wa Mlingotini wakaingia kumtetea, na katika vurugu ile mtu alimpiga Faki kwa mti, mtulinga, ule mfupa wa bega, ukavunjika.

Nilipika pilau siku ile. Sufuria tatu. Chini waliimba mpaka sauti zikawakauka, na nilisikia mtu akisema, "Mlingotini wameponzwa na mlingoti!" wakaangua kicheko, na kila aliyeingia akarudiwa utani huo kwa kuwa mlingoti ndio nguzo, nao hawakuweza kuuacha. Wale vijana wanne hawakuonekana kabisa. Niliwapelekea sahani kwenye chumba chao, nikakuta wamekusanya mikeka yao. Asubuhi ndugu zao wakaja kuwachukua, hawakuingia ndani, waliita kutoka barabarani. Fundi Kassimu aliwasindikiza mpaka mwisho wa mji. Aliporudi alikaa kwenye benchi la klabu peke yake, na hakushona kitu siku ile.

Kilichofuata hakikuja kwa kelele. Kwanza samaki walikatika. Wavuvi wa Mlingotini waliacha kuleta mjini. Walichopata walikwenda kukiuza kwingine. Samaki wa wavuvi wetu hawakutosha mji mzima, na waliokuwapo waligombewa. Tukala mchicha na kunde, kunde na mchicha, na siku ya heri bamia. Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Kisha mzee mmoja wa mtaa wetu akafa, mtu aliyeoa Mlingotini na kuwa na wakwe huko, na hakutokea hata mmoja kumzika. Hapo watu wazima waliingiwa na baridi. Kwetu pwani waweza kugombana na mtu kwa shamba, kwa mke, kwa mipaka ya nyumba, lakini akifiwa unakwenda. Kususiana mazishi ni kuambiana kwamba baina yetu hakuna tena watu. Chini nilisikia mwenyekiti wa klabu, Bwana Athumani, akisema kwa sauti kubwa, "Na wao wakifiwa, tusiende." Wengine wakaitikia. Salehe hakuitikia, lakini aliandika. Kikombe kilikuwa mezani mbele yao, nacho kilikuwa kikombe kidogo mno.

Mwezi wa tatu tangu mchezo ule, shangazi yangu akafariki Mlingotini. Salehe aliniambia, akitazama pembeni, "Nenda. Mimi nimefungwa na maneno ya wenzangu." Nikaenda peke yangu. Nilipoingia uani, wanawake walioketi wakaninyamazia, na mmoja wao, tuliyecheza naye utotoni, akaniuliza, "Umetuletea kikombe tukione?" Nikakaa. Hawakunifukuza, lakini nilipotaka kushika sufuria nikaambiwa nipumzike, mimi mgeni. Mgeni, kwenye nyumba nilipojifunza kutembea. Jioni Shomari alinijia penye kisima. Alikuwa amekonda, na alikuwa haendi kucheza wala kusoma. Alikuwa akienda na baba yake kuvua, akiyachukia maji. Akaniambia, "Dada, wewe hukaa dirishani na Bi Tatu. Dirisha liko nyuma ya goli kabisa. Watu huku wanasema Faki alibabaika. Faki mwenyewe sasa hajui aliona nini. Wewe hukuona?"

Nikamwambia, "Sikuona. Watu walikuwa wengi."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, dada," akaenda zake.

Nimeishi miaka mingi na nimesema uongo wa kila aina, wa kuficha umri na wa kusifia chakula kibaya. Ule haukuwa wa aina hiyo. Nilirudi Bagamoyo kwa miguu na njia nzima nilikuwa nikijibizana na nafsi yangu. Nikisema ukweli, nani ataniamini? Watasema binti wa Mlingotini anawasemea kwao. Nitakuwa nimemwaibisha mume wangu, nimevunja nyumba yangu kabla haijatimiza mwaka, na bao litabaki bao. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba kila nilipomaliza kuzipanga, nilisikia tena, "Haya, dada." Nilipofika nyumbani nilishindwa kula. Siku ya pili vilevile. Bi Tatu alidhani nina mimba, akafurahi, akanikaangia yai. Nikalitazama lile yai, nikasema, "Mama, siku ile ulisema nje."

Alikuwa anapepeta mchele. Ungo haukusimama. Akasema, "Siku ipi?"

"Mama."

Ndipo ungo ukasimama. Akasema, bila hasira, "Mume wangu alitafuta kikombe mpaka akaingia kaburini. Mwanangu tangu amzike baba yake sijamwona akicheka kwa meno yote. Siku ile nilimwona. Ungekuwa wewe, ungefungua mdomo?" Nikamwambia kwamba mimi niliufungua, nikasema uongo, nikamweleza habari ya Shomari. Akasikiliza. Akasema, "Maji yameshamwagika, mwanangu. Kula yai." Na mimi nikajua kwamba nikisema, nitasema peke yangu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, wanaume wakakutana chini. Nilikuwa juu nikikoroga kahawa yao. Shauri lilikuwa la Dagaa. Bwana Athumani alitaka nafasi za wale vijana wanne wapewe wengine wa mjini, na iandikwe kwamba asichukuliwe tena mtu wa Mlingotini. Fundi Kassimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, "Basi andika na jina langu hapo chini yao. Mimi niliwaomba kwa wazazi wao. Niliwaahidi kuwalinda. Wasiporudi wao, na mimi sifundishi mtu." Wakamwomba, wakamkemea, yeye anarudia hayo hayo. Mtu mmoja akasema, kama kumtuliza, "Fundi, wao ndio waliokataa kushindwa. Laiti angekuwapo shahidi mmoja tu kwamba mpira ulitoka, tungesema wana haki."

Sikuamua. Watu hunisifu kwa uamuzi wa siku ile, na nawaambia sikuamua. Miguu ilishuka ngazi, na sinia la kahawa nimelishika, mpaka nikafika nyuma ya pazia la mlango wa klabu. Nikasema nikiwa nyuma ya pazia, "Mimi niliuona. Mpira ulipita nje ya nguzo, upande wa mnazi."

Nilisikia kalamu ya Salehe ikiwekwa mezani. Kisha Bwana Athumani akacheka, si kwa ubaya hasa, kama mtu aliyetishwa na mzimu akakuta ni paka. "Salehe, mkeo ni binti wa wapi vile? Wa Mlingotini. Ulitaka aseme nini? Mama, tuletee kahawa, haya ni mambo ya klabu." Wengine wakaguna kukubali. Namsubiri mume wangu aseme neno lolote, hata la kunifukuza, na hasemi. Hapo nikasikia ngazi zikilia nyuma yangu. Bi Tatu alikuwa anashuka, mkono ukutani, ngazi moja baada ya nyingine, maana goti lilikuwa likimsumbua. Hakusimama nyuma ya pazia. Alilisogeza, akaingia katikati ya wanaume wale, ambao wengi wao aliwafunga vitovu au aliwatandika viboko.

"Athumani," akasema, "mimi ni binti wa wapi?"

"Wa hapa, Bi Tatu. Nani asiyejua?"

"Na klabu hii nani aliipa jina?"

"Marehemu mumeo."

"Basi nisikilize. Mpira ulitoka nje. Niliuona, na nikasema 'nje' kwa mdomo wangu, na mtoto huyu akanisikia. Nikamwachia mzigo miezi mitatu abebe peke yake, kwa kuwa nilitaka kikombe. Sasa mmenifanya niwe mzee bila haya. Mwanahamisi, wape kahawa yao, imepoa."

Nilipoingia na sinia, jambo la kwanza nililoliona ni Hemedi. Alikuwa kwenye benchi la pembeni, mtu mkubwa yule, ameinamisha kichwa mpaka magotini, mabega yanatikisika. Nilidhani ana hasira. Akainua uso, ukawa umelowa, na alikuwa akitabasamu. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Niliupiga mimi. Mtu huujua mguu wake. Nilijua tangu ulipotoka. Wakanibeba juu, nikasema nitawaambia wakinishusha, na waliponishusha Faki alikuwa ameshavunjwa." Akasimama akamshika Bi Tatu mikono akaibusu. Fundi Kassimu akaanza kucheka. Hata Bwana Athumani, baada ya kukodoa macho kwa muda, akashusha pumzi ndefu akajifuta jasho, akasema, "Basi mbona tulikuwa tunakula kunde?" Na chumba kizima kikacheka, kicheko kisichofanana kabisa na kile cha usiku wa pilau. Ambaye hakucheka ni mume wangu peke yake. Alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akatoka.

Kesho yake walikwenda Mlingotini kwa miguu, Bwana Athumani mbele, Hemedi amebeba kikombe kwenye kikapu kama anayepeleka mayai. Walikwenda kwanza kwa Faki. Fundi alinihadithia kwamba Faki aliposikia waliyoyasema, hakukitazama kikombe hata kidogo. Aliita watu wa nyumbani mwake, akamwambia Bwana Athumani ayarudie maneno yale tena mbele yao, taratibu, na yaliporudiwa akajilaza kwenye mkeka akafumba macho kama mtu aliyeshukwa na homa. Kikombe wazee wa Mlingotini walikikataa. Walisema hawachukui kwa mdomo kitu kilichogombewa kwa miguu, mchezo urudiwe. Vijana wanne walirudi siku hiyo hiyo, mikeka begani. Shomari aliponiona hakusema kitu kuhusu kisima wala dirisha. Mimi ndiye niliyemwita pembeni, nikamwambia, "Nilikudanganya. Unisamehe." Akanijibu kwa haraka ya kitoto, "Nilijua, dada. Uso wako ulisema," kisha akauliza kama kuna chakula.

Salehe hakunisemesha siku nane. Hakunitukana, hakunifukuza, alikula kidogo, akaondoka, akarudi, akalala akitazama ukuta. Bi Tatu aliniambia nimwache. Nilimwacha, lakini nilikuwa nimeshafunga nguo zangu katika shuka, nimeziweka chini ya kitanda, nikisubiri neno la kunirudisha kwetu. Siku ya tisa mchezo ukarudiwa. Bi Tatu alisogeza kitanda, nikakataa kukaa. Nilikuwa jikoni nikikuna nazi, masikio yote yako nje. Vigelegele vilipigwa mara tatu, na kila mara vilikuwa vya wanawake wa Mlingotini. Kisha filimbi, kisha makelele ya watu wanaoagana, kisha kimya. Nikasikia hatua zake kwenye ngazi. Akaingia jikoni, mahali ambapo mwanamume wa nyumba zetu hakuingia, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akavua viatu.

"Tumefungwa, Mwanahamisi," akasema. "Tatu bila."

Nikamwambia pole. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimesimama pale pale nilipokuwa siku ile," akasema. "Na mimi niliuona, ujue. Si vizuri kama nyinyi, lakini niliuona. Nikarusha kofia ili nisiufikirie." Akavisukuma viatu pembeni. "Miezi mitatu sijasikia ladha ya chakula. Umepika nini?"

Nilikuwa nimepika changu wa nazi, wa kwanza tangu siku zile, aliyeletwa asubuhi na mama yake Shomari. Nikampakulia pale pale jikoni, wali na samaki. Alikula mpaka akafika kwenye miiba, akaifyonza mmoja mmoja, akapangusa sahani kwa kidole, akaninyooshea nimwongezee.